Je, Akiba Haiozi?



Waswahili wana methali fupi isiyo na mapambo: akiba haiozi. Wengi wetu tuliipokea utotoni kwa mabibi zetu, tukaja nayo huku ughaibuni pamoja na ile ya haba na haba hujaza kibaba. Mimi ni mhandisi wa majengo, wala si mwanahistoria, lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma habari za fedha zilizopita mikononi mwa watu wetu, tangu riale za wakati wa masultani hadi noti za leo. Kila nikizidi kusoma nazidi kuona kwamba methali hii inahitaji kuulizwa maswali. Akiba ya mahindi huoza ghala likivuja. Ya pesa nayo ina ghala lake.

Sina nia ya kumhubiria mtu abane matumizi. Mahubiri hayo tunayo tele, na anayefanya kazi mbili mjini London au Toronto ili watoto wa dada yake wasome Morogoro haitaji mtu wa kumfundisha kujinyima. Ninachotaka kusema ni hiki: wengi wa watu wetu waliopoteza akiba zao katika miaka 150 iliyopita hawakuwa wabadhirifu. Walijinyima, wakaweka, wakaficha vizuri. Kilichowaponza ni umbo la akiba na mahali ilipowekwa.

Tuanze na fedha yenyewe, maana lugha yetu inatumia neno moja kwa madini na kwa pesa. Katika karne ya 19, kuanzia Maskati hadi Unguja na Kilwa, sarafu iliyoaminika kuliko zote ilikuwa ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Watu wa pwani waliiita riale ya Sham. Ajabu yake ni kwamba kila moja imeandikwa mwaka 1780, hata iliyofuliwa miaka 100 na zaidi baadaye, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika hawakutaka mabadiliko yoyote. Uzito wake ni gramu 28, na humo gramu 23 na ushei ni fedha safi. Mtu wa Pemba hakuwa na haja ya kujua Vienna iko wapi. Aliisikiliza ikilia juu ya jiwe, akaipima, akaizika ndani ya chungu.

Chungu kile kilikuwa benki nzuri kwa muda mrefu. Kisha yakatokea mambo ya mbali. Baada ya mwaka 1871 Ujerumani ilihamia sarafu ya dhahabu na nchi nyingine zikafuata, wakati ambapo migodi ya Marekani ilikuwa ikimwaga fedha sokoni. Bei ya fedha ikaanza kuteremka. Rupia ya India, ambayo ilikuwa imeenea pwani yetu, mwanzoni mwa miaka ya 1870 ilikuwa karibu shilingi mbili za Kiingereza. Katikati ya miaka ya 1890 ilikuwa imebaki kama shilingi moja na peni moja. Hakuna mwizi aliyefukua chungu. Riale zilikuwa pale pale, idadi ile ile, uzito ule ule.

Ila tuwe waangalifu hapa, kwa sababu ndipo penye kiini cha maneno yangu. Aliyeitumia fedha yake kununua vitu vya hapo hapo hakuumia kama yule aliyekuwa na deni la kulipwa kwa paundi. Hasara ilimpata zaidi mtu ambaye akiba yake ilikuwa ya aina moja na haja yake ya aina nyingine. Jambo hili litarudi tena na tena.

Nitapita Tabora kidogo, kwa kuwa mhandisi hawezi kuiacha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikatiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza, sarafu zikawaishia. Wakachapa noti za dharura Dar es Salaam na baadaye Tabora, na mwaka 1916 karakana ya reli huko Tabora ikageuzwa kiwanda cha kufulia sarafu: heller za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Hebu fikiria mafundi wa reli wanaochonga muhuri wa tembo kwa vifaa vya kutengenezea injini! Vita vilipokwisha, aliyebaki na noti alibaki na ahadi ya serikali isiyokuwepo tena. Aliyebaki na tembo alibaki na dhahabu, na leo wakusanyaji wa sarafu hugombania kipande kimoja.

Baadaye ukaja utulivu ambao wazee wetu waliuzoea mno. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1922, shilingi 20 kwa paundi moja, na Zanzibar ikaiacha rupia na kuingia humo mwaka 1936. Kwa miaka zaidi ya 40 kiwango hicho hakikubadilika. Karani wa Tanga aliyeweka shilingi tano kila mwezi katika akaunti ya akiba ya posta, akapigiwa muhuri kwenye kitabu chake, alijua atakuta nini mwisho wa mwaka. Nadhani methali yetu ilipata nguvu zake nyingi katika kipindi hicho. Mtu akikaa miaka 40 bila kuona kitu kikioza, huamini hakiozi.

Ng'ambo ya pili ya bahari mambo yalikuwa tofauti kidogo. Rupia ndiyo ilikuwa pesa ya Ghuba, na mwaka 1959 India ikatoa rupia maalumu kwa ajili ya nchi hizo. Tarehe 6 Juni 1966 India ikaishusha thamani rupia yake kwa asilimia 36.5 kwa siku moja. Tawala kadhaa za Ghuba zikakimbilia sarafu nyingine, na Oman ikaendelea na rupia ile ya Ghuba hadi ilipotoa riale yake mwaka 1970. Mfanyabiashara wa pwani yetu mwenye akiba ya rupia katika benki ya Bombay alikuwa amepoteza zaidi ya theluthi yake kwa hesabu ya paundi kabla ya kunywa chai ya asubuhi.

Miaka miwili kabla ya hapo, Unguja na Pemba, ilikuwa zamu ya akiba ambayo watu waliiona imara kuliko sarafu yoyote. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa mwezi Machi, na mashamba yakagawanywa kwa wananchi ekari tatu tatu. Siasa za jambo hilo zina waandishi wake, na katika jarida hili wasomaji wetu hawana kauli moja juu yake. Naangalia upande mmoja tu. Mkarafuu hauwezi kubebwa kwenye mashua. Familia nyingi zilizoondoka na kufika Maskati au Dubai zilianza maisha kwa kile kilichoweza kuvaliwa au kushonwa ndani ya nguo. Bangili za mama, ambazo wanaume waliziona ni mapambo tu, zikawa kodi ya nyumba.

Sasa nije kwenye miaka ambayo mimi mwenyewe naikumbuka.

Tanzania ilipoanza kutoa shilingi yake mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Mwaka 1984 dola ilikuwa shilingi 17. Mwisho wa mwaka 1986 ilikuwa imepita 50, mwaka 1990 ikakaribia 200, na mwaka 2000 ilikuwa kama 800. Mtu aliyeweka shilingi 1,000 benki mwaka 1966 aliweka dola 140, yaani paundi 50 za wakati ule. Mwaka 2000, ukiacha riba, shilingi zile zile zilikuwa dola moja na robo. Riba nayo haikusaidia, maana katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na riba ilikuwa chini ya hapo. Kwa kasi hiyo pesa hupoteza nusu ya nguvu zake kabla ya miaka mitatu kutimia. Ni hesabu ya darasa la sekondari, lakini mwalimu wetu wa hesabu alikuwa naye ameweka akiba yake mahali hapo hapo.

Je, alikuwa na njia gani nyingine? Kuweka dola nyumbani lilikuwa kosa la jinai. Maduka ya kubadilishia fedha hayakuruhusiwa hadi sheria ya mwaka 1992. Kujaza bidhaa stoo nako kulikuwa na hatari yake, kwani mwaka 1983 serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu walitupa usiku mali ambayo kwingine ingeitwa akiba ya busara.

Majirani hawakuwa na nafuu. Uganda ilibadilisha fedha mwezi Mei 1987: sifuri mbili zikaondolewa, na juu yake asilimia 30 ikakatwa kama tozo ya kubadilishia. Mwenye shilingi 100,000 za zamani aliondoka na 700 mpya. Kwa ndugu zetu wa Zaire ilikuwa mbaya zaidi. Sarafu ya zaire ilipozaliwa mwaka 1967, zaire moja ilinunua dola mbili. Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilifunga mipaka na kutangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 si halali tena, ikatoa siku chache za kuzibadilisha, tena kwa kiasi chenye kikomo. Mkulima wa Kivu anayekaa mwendo wa siku mbili kutoka benki alifanya nini? Noti zilizouzwa kwa kahawa na ng'ombe zikawa za kuwashia moto. Mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua mahali pa milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe. Mimi nilipozidisha nilipata bilioni 300.

Katikati ya tufani hizo zote kulikuwa na kundi moja lililojua kuogelea, nalo ni akina mama. Wao walikuwa na upatu. Neno hili ni jina pia la sahani ya shaba inayopigwa kwenye ngoma. Dar es Salaam wanauita mchezo, Congo likelemba, Kenya huwa ndani ya chama. Utaratibu unajulikana: watu 12, kila mmoja anatoa kiasi kile kile kila mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba chote, chini ya usimamizi wa kijumbe ambaye heshima yake ndiyo dhamana.

Wasomi wa uchumi zamani waliudharau kwa sababu hauzai riba. Hawakuuangalia sawasawa. Katika upatu pesa hailali. Inaingia asubuhi, jioni imeshakuwa cherehani, kanga za kuuza, au mbuzi. Bei zikipanda kwa asilimia 30, mwenye zamu ya kwanza amekopa bila riba na kununua kabla bei haijapanda. Wa mwisho ndiye anayeumia: mwezi wa 12 kile anachobeba kinanunua kama moja ya tano pungufu kuliko alichobeba wa kwanza. Ndiyo maana kijumbe mwenye akili hakuacha zamu zipangwe kwa kura tu. Aliwapa za mwanzo wenye haja, na mzunguko wa pili akageuza mstari. Shule ya uhasibu isingemfundisha zaidi.

Inasikitisha kwamba neno lenyewe limechafuliwa. Siku hizi ukisema upatu Tanzania, watu wengi hufikiria zile biashara za kupanda mbegu na kuvuna mara mbili, kama DECI iliyozimwa na serikali mwaka 2009. Tofauti yake ni rahisi kuiona kwa anayetaka kuiona: katika upatu wa mama zetu kila unachobeba umekitoa wewe au wenzako unaowajua kwa majina, na hakuna senti inayozidi. Mtu akikuahidi inayozidi, uliza inatoka wapi.

Akina mama walikuwa pia na dhahabu, nayo inahitaji kusemwa ukweli wake, maana kuna wanaodhani dhahabu haishuki. Mwezi Januari 1980 wakia moja ilifika dola 850. Aliyenunua siku ile alisubiri hadi mwaka 2008 kuiona tena bei hiyo, na mwaka 1999 ilikuwa imeteremka hadi kama dola 250. Ilipita dola 2,000 mara ya kwanza Agosti 2020. Isitoshe, bangili hununuliwa kwa bei ya dhahabu pamoja na ufundi wa sonara, na huuzwa kwa bei ya dhahabu peke yake. Ni akiba ya kuvuka bahari na kuvuka vita. Kwa ada ya shule ya mwaka ujao haifai.

Tuje kwetu sisi tulio huku. Wengi wetu tuna bahasha kabatini, noti za nyumbani zilizobaki safari iliyopita, za teksi ya siku ya kufika. Tarehe 1 Juni 2019 Kenya ilitangaza kuondoa noti za zamani za shilingi 1,000, mwisho 30 Septemba. Siku ilipofika, noti zenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 7.3 hazikuwa zimerudi. Bila shaka nyingine zilikuwa za watu wasiotaka kuulizwa walizipataje, lakini sitashangaa kama nyingine zilikuwa kwenye makabati ya Manchester na Minneapolis. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitoa siku 90, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, kwa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010. Wenyeji wetu wa Uingereza wana utaratibu mwingine: noti za karatasi za paundi 20 na 50 ziliacha kutumika madukani 30 Septemba 2022, lakini Benki Kuu yao huzibadilisha bila kikomo cha muda. Fungua kabati lako leo.

Kuhusu kutuma pesa nitasema kifupi. Benki ya Dunia imekuwa ikikadiria kwamba kutuma dola 200 kwenda nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara hugharimu kwa wastani karibu asilimia 8, yaani dola 16. Sehemu ya gharama hiyo haiitwi ada. Imefichwa kwenye kiwango cha kubadilishia. Usiulize ada ni kiasi gani. Uliza mpokeaji atapata shilingi ngapi mkononi, kisha uliza swali hilo hilo kwa wakala wa pili na wa tatu. Na kama kuna ada isiyobadilika kwa kila safari, kutuma mara moja kwa mwezi ni bora kuliko mara nne, ukishakubaliana na ndugu zako.

Sasa lile linalonigusa kwa kazi yangu. Ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, au ukizunguka Tanga, utaona maboma: nyumba zenye kuta bila paa, magugu sebuleni. Wageni huyaona wakadhani ni uzembe. Mimi nilikulia katika mtaa wa namna hiyo miaka ya 1980 na najua yalitokea vipi. Mtu alipopata mshahara alinunua tofali 50 siku ile ile, kwa sababu mwezi ujao pesa hiyo ingenunua 48, na mwakani 38. Boma lilikuwa kitabu cha benki kilichosimama wima. Kwa hesabu za wakati ule baba zetu walikuwa sahihi kabisa.

Lakini kwa zaidi ya miaka 10 sasa mfumuko wa bei Tanzania umekuwa chini ya asilimia 10, na sisi tuliorithi mazoea tunaendelea kumwaga paundi na dola kwenye kuta, kidogo kidogo, kila Desemba, huku tumeacha kuuliza kama sababu bado ipo. Na boma linaoza. Saruji iliyokaa stoo miezi mitatu, kwa makadirio tunayotumia kazini, hupoteza kama moja ya tano ya nguvu zake, na mapema zaidi penye unyevu wa pwani. Nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya nguzo hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupasua zege kutoka ndani, na chumvi ya upepo wa bahari huharakisha kazi hiyo. Mvua inayoingia kwenye ukuta usio na paa huosha mota kati ya tofali. Nimewahi kukagua boma la miaka tisa ambalo ilikuwa nafuu kulibomoa kuliko kuliendeleza. Mwenyewe alikuwa amelilipia kwa zamu za usiku.

Ukiniuliza, kwa pesa ya nyumba fanya hivi. Weka akiba yako katika sarafu unayolipwa, katika akaunti yenye riba huko uliko, kwa kuwa kwa muda mrefu shilingi imekuwa ikiteremka mbele ya dola. Ongea na fundi kuhusu hatua nzima: msingi mpaka jamvi, au kuta mpaka lenta pamoja na kupaua, kisha tuma pesa ya hatua hiyo kwa mkupuo inapotimia. Kiwanja kinunuliwe mapema na hati ifuatiliwe mapema, hilo halina mjadala. Na kama boma lako tayari limesimama na huna uwezo wa kupaua mwaka huu, mwambie fundi afunike vichwa vya kuta kwa mota, apake nondo zote zilizo wazi uji mzito wa saruji, na achimbe mfereji wa kutoa maji ya mvua kwenye msingi. Ni kazi ya siku mbili na mifuko michache ya saruji, na ifanyike kabla ya masika.